Kiini Ndani ya Kiini

Tetemeko lililoipiga Murchison, New Zealand, mwezi Juni 1929 liliacha alama ambazo hazikupaswa kuwapo. Tangu hoja ya Harold Jeffreys ya mwaka 1926, ilijulikana kwamba chini ya koti la dunia, kwenye kina cha kilomita 2,900 hivi, kuna kiini cha kimiminika. Mawimbi ya mgandamizo yakiingia humo hupungua kasi na kupinda, na ukanda mpana, takriban nyuzi 104 hadi 142 kutoka kitovu cha tetemeko, hubaki kivulini. Hata hivyo, vipimatetemeko vya Sverdlovsk, ndani kabisa ya ukanda huo, vilinasa mawimbi. Wengi waliridhika kusema ni mabaki tu, yaliyojipinda ukingoni mwa kiini.

Inge Lehmann wa Denmark hakuridhika, na njia yake ndiyo inayostahili kuchunguzwa, kwa kuwa data alizotumia hazikuwa siri ya mtu. Alijitengenezea dunia ya kwenye karatasi, rahisi kupita kiasi: kasi ya kilomita 10 kwa sekunde kwenye koti, 8 kwenye kiini. Kisha akaweka katikati tufe dogo lenye kasi kubwa zaidi, akakokotoa muda wa safari ya kila wimbi. Tufe hilo liliyarudisha baadhi ya mawimbi moja kwa moja hadi kivulini. Makala yake ya 1936 iliitwa P′, basi.

Mtu atauliza: je, si kila kielelezo kinaweza kurekebishwa mpaka kilingane na vipimo? Kinaweza, kikiwa na vipande vingi vya kuchezea. Cha Lehmann hakikuwa navyo. Namba zake zilikuwa za makadirio tu, na kilicholingana ni umbo zima la mafikio. Nayo hoja ya mabaki ilidhoofika mwaka 1939, Jeffreys alipoonyesha kwa hesabu kwamba mawimbi ya ukingoni yasingeweza kufika mbali kiasi hicho yakiwa na nguvu ile. Kweli, nusu kipenyo alichokadiria Lehmann, kilomita 1,400 hivi, kilizidi 1,220 ya leo. Lakini hakudai zaidi ya alichopima: kasi inabadilika, hakusema tufe ni gumu. Ugumu ulipendekezwa na wengine katika miaka ya 1940, na ushahidi wa nguvu ulingoja hadi 1971, kutoka kwenye mitetemo ya dunia nzima baada ya matetemeko makubwa.