Kinyago katika Wimbo wa Kufokafoka

Wako wasemao kwamba muziki wa kufokafoka si utamaduni wetu, kwa kuwa chimbuko lake ni New York. Hoja hii haitoshi. Katika ngoma ya mapiko ya Wamakonde, mchezaji huvaa sura ya mtu mwingine, hata ya mkoloni, na watazamaji hucheka kwa kumtambua. Joseph Haule, yaani Professor Jay, alifanya vivyo hivyo mwaka 2001 katika "Ndio Mzee". Hakumtukana mwanasiasa mwongo. Alijivika sauti yake, akaahidi yasiyowezekana, na umati ukamwitikia. Hapo ndipo ulipo uzito wa wimbo: kejeli haimwangukii msemaji peke yake, bali hutuangukia na sisi tuitikiao. Vijana waliotoka Mkunya, Newala na Masasi kwenda Dar es Salaam kuchuuza bidhaa barabarani, hao waitwao wamachinga, wanaifahamu sauti hiyo ya ahadi. Wimbo uliwapa namna ya kuipima. Kwa hiyo, walimu na wanafunzi, tusiulize kwanza mdundo umetoka wapi. Tuulize: ni nani amevuliwa kinyago, na ni nani angali anaitikia?