Guthrie na kitovu cha Katanga

Jedwali mnalijua. Malcolm Guthrie, mwanaisimu wa London, alichukua lugha 28 za Kibantu, akahesabu kila moja imehifadhi mizizi mingapi ya jumla. Kibemba na Kiluba zikaongoza kwa takribani nusu, naye akaweka kitovu cha Kibantu huku kwetu Katanga. Sisi wa Kamina tulitakiwa kushangilia. Mimi sishangilii: hesabu yenyewe ilikuwa mbovu.

Mzizi wa jumla, kwa Guthrie, ni ule ulioenea mashariki na magharibi. Basi lugha ya katikati, inayopakana na pande zote mbili, itakosaje kuongoza? Ni kumpa mchezaji kombe kwa sababu amesimama katikati ya uwanja. Kiduala cha Kamerun kiliambulia kidogo, kikahesabiwa cha pembeni. Kumbe ni huko kaskazini magharibi ambako matawi yanaachana zaidi, na ndiko waliko ndugu wa nje wa Kibantu, kama Kitiv. Mwanaisimu mwenzake Joseph Greenberg alikwisha kuelekeza kidole kwenye mpaka wa Nigeria na Kamerun. Guthrie hakutaka kusikia. Ili kuulinda mchoro wake, akawapakia mababu kwenye mitumbwi kutoka upande wa Chad hadi Katanga.

Kosa hilo la kuhesabu tu likazaa jingine kwenye mzizi *-túd-. Sauti zake hazina ubishi: Kiluba na Kibemba fula, Kiswahili fua, Kigikuyu tura, Lingala tula. Ila maana! Guthrie aliona uhunzi kila upande, akahitimisha kwamba Wabantu wa mwanzo walijua chuma. Hivi fua nguo na fua nazi zilikuwa zimekwenda wapi? Mzizi ni wa kupiga; chuma kilikuja baadaye kikakuta neno liko tayari. Pierre de Maret na mwenzake Nsuka walilionyesha hilo mwaka 1977. Hata kalenda inakataa: Kibantu kilianza kusambaa yapata miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita, kabla chuma hakijafika Afrika ya Kati.

Sikatai kwamba juzuu nne za Guthrie za 1967 hadi 1971 zina data ya kutosha, na toni zimeandikwa vizuri.

Lakini nitasema tena nilichozoea kusema: London ya Guthrie ilipenda asilimia, Tervuren ya Wabelgiji ilipenda lugha. Van Avermaet na Benoît Mbuya, katika kamusi yao ya Kiluba ya 1954, walifuata neno moja katika matumizi yake yote kabla ya kulifungia maana. Meeussen, naye wa Tervuren, aliijenga mizizi yake bila kuwahamisha mababu. Guthrie angepima kwa matawi badala ya kuhesabu lugha mojamoja, Kamerun ingejitokeza yenyewe.

Na Waluba wasione wamepokonywa kitu. Makaburi ya ziwa Kisale, yenye mafundi chuma kuanzia karne ya 8 hivi, ni fahari iliyochimbuliwa ardhini. Haihitaji asilimia za Guthrie.