Futari Isiyoonjwa

Mpishi wa nyumbani hapimwi na wale anaowapikia kila siku. Wao wana njaa, wanampenda, na ndimi zao zimeshazoea chumvi yake. Anayempima ni jirani: mtu aliyekwishapika chake, na sasa anafunua kawa aone mwenzake kapika nini. Ndiyo maana nikitaka kuusifu upishi wa pwani sianzii kwenye biriani ya harusi wala pilau ya maulidi, vyakula vya masufuria makubwa na wapishi wa kuitwa. Naanza na bakuli la muhogo wa nazi linalotoka mlangoni jioni ya Ramadhani, kabla wenye nyumba hawajatia kitu kinywani.

Unguja, robo saa kabla ya magharibi, mabakuli hayo yako njiani. Katika majengo marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, ngazi hujaa watoto wenye sahani, wanaopanda wakiwapisha wanaoshuka. Kila mtoto ameshausiwa: asifunue, asikimbie, akifika aseme mama anawasalimu. Hata utaratibu wa milango hufundishwa. Kwanza bibi anayekaa peke yake, kisha nyumba yenye mgonjwa, kisha jirani wa ukuta mmoja, awe amefunga au si Mwislamu. Yapo mafundisho ya Mtume kwa Abu Dharr, kwamba apikapo mchuzi azidishe maji ili majirani nao wapate. Wapishi wa huku wameyaingiza kwenye kipimo chenyewe. Mama anapochagua nazi za kukuna, fungu la jirani limo tangu mwanzo. Hachukui kilichobaki, maana hakuna kilichokwisha kubaki saa hiyo.

Lakini linalonistaajabisha kuliko ukarimu huo ni kwamba chakula chenyewe hakijaonjwa. Aliyekipika amefunga. Wanavyuoni wengi wanaruhusu mpishi aonje kwa ncha ya ulimi bila kumeza, pakiwa na haja, ila wapishi wengi ninaowajua hawataki hata hilo. Siku nyingine za mwaka mpishi wa pwani huchota mchuzi kwa upawa, akaudondosha kwenye kiganja na kuulamba, akajua kilichopungua. Ramadhani kiganja hicho kinakaa kikavu mwezi mzima. Na ndio mwezi ambao chakula chake kinakwenda mbali zaidi, kwa watu wenye hamu kubwa zaidi na ulimi mkali zaidi.

Basi anajuaje?

Tazama muhogo wa nazi unavyopikwa. Nazi hukunwa kwa mbuzi, ikatiwa maji ya uvuguvugu kidogo, ikakamuliwa na kuchujwa kwa kifumbu. Linalotoka kwanza ni tui zito, wengine huliita kasimele, na hilo huwekwa pembeni. Maji hutiwa tena, machicha yakakamuliwa mara ya pili, pengine ya tatu, likatoka tui jepesi. Muhogo uliomenywa, ukapasuliwa na kutolewa mzizi wa katikati, huivia katika tui jepesi pamoja na chumvi, kitunguu na pilipili. Hapo mpishi anaweza kwenda kukunja sambusa au kutazama uji wa pilipili manga, akikisikiliza chungu kwa mbali. Akishalimimina tui zito, hawezi tena kuondoka. Moto ukizidi, mafuta ya nazi hujitenga na maji, tui likakatika, na likikatika halirudi. Makaa hupunguzwa. Tui huchotwa kwa upawa na kumiminwa humo humo, huchotwa na kumiminwa, polepole, bila kuuvuruga muhogo ukamomonyoka.

Katika dakika hizo mpishi mzuri anasoma vitu ambavyo mimi nimechukua muda mrefu kuanza kuviona. Povu la tui bichi ni jeupe na jepesi. Tui likiiva povu hutulia, uso wa mchuzi ukaanza kung'aa. Harufu nayo hugeuka, ule ubichi wa nazi ukaondoka na utamu wa mafuta ukaja. Mlio wa chungu unakuwa mzito kwa sababu wanga wa muhogo umeshaingia kwenye mchuzi. Chumvi hupimwa kwa kiganja, lakini jicho lilishahesabu mapema ukubwa wa nazi, wingi wa muhogo, na kama samaki atakayetiwa ni mbichi au ni papa mkavu ambaye tayari ana chumvi yake. Hesabu hii haisemwi kwa mdomo. Ukimuuliza, atakwambia anatia tu. Mimi sikubaliani naye. Anapima kwa uangalifu kuliko mwenye mizani, maana mwenye mizani hupima mara moja, naye anapima mpaka chungu kinapoteremka.

Ndizi mkono wa tembo, majimbi, viazi vikuu na shelisheli hupitia njia hiyo hiyo, kila kimoja na wakati wake wa kulainika. Mkate wa kumimina una mtihani wake: mchele hurowekwa, husagwa na tui zito, hutiwa hamira, sukari na hiliki, ukaachwa uumuke, kisha humiminwa katika sufuria iliyopakwa mafuta na kupata moto, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Ukiukata, vitundu vyake visimame wima toka chini hadi juu. Visiposimama, jirani ataona kabla hajala, na hakuna la kumweleza.

Wanaume nao wana mahali pao pa kukutana na ufundi huu. Mitaani na mashambani wengi hufuturu pamoja barazani au msikitini, kila nyumba ikatoa sinia lake, masinia yakapangwa kwenye jamvi moja. Hakuna anayetangaza sinia la nani ni lipi. Lakini mwenye kula sana mahali hapo anajua. Anajua nyumba inayotia pilipili nzima ielee bila kupasuka, nyumba isiyokosa hiliki kwenye tambi, nyumba ambayo kunde zake huwa laini lakini hazivunjiki. Mwenye kupika hayupo barazani, wala jina lake halitajwi mbele ya wanaume, ila sinia lake ndilo linaloisha kwanza. Habari hiyo humfikia nyumbani mwake kabla ya tarawehe.

Majirani wanawake hawasubiri sinia liishe. Wana lugha yao ya kuhukumu. Hakuna anayesema muhogo wako ulikuwa na chumvi nyingi. Husifiwa ndizi, muhogo ukapitwa kimya, na kimya hicho kinatosha. Sifa kubwa kuliko zote ni swali: umetia nini humu? Anayeuliza amekiri kwamba ameonja kitu asichokiweza, na anayejibu akasema kweli ametoa zaidi ya chakula. Bakuli hilo halirudi tupu. Hurudi kesho au keshokutwa na kitu cha mwenyewe ndani, na mara nyingi kilichomo ni jibu: wewe umenipa muhogo, nami tazama ndizi zangu. Kwa njia hiyo mapishi ya pwani yametunzwa kwa karne nyingi bila kitabu.

Sisemi karne kwa kupamba. Ibn Battuta, msafiri kutoka Tanja, alipita pwani hii mwaka 1331. Mogadishu aliletewa wali wa samli wenye kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga juu yake, na sahani ya ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa; pembeni kulikuwa na ndimu na pilipili za kuchachushwa, tangawizi mbichi na maembe. Mombasa akaandika kwamba chakula cha watu wake ni ndizi na samaki. Mpishi wa Unguja wa leo angeitambua sahani ile, angeuliza tu kwa nini maziwa na si nazi. Muhogo hakuuona, kwa sababu ulikuwa bado Amerika ya Kusini. Wareno ndio walioleta mmea huo Afrika baadaye. Ulipofika huku, haukuja na maelekezo. Yuko mama aliyekuwa wa kwanza kuutia kwenye tui zito, na yuko jirani yake aliyefunua bakuli, akala, akauliza. Hakuna aliyeyaandika majina yao, nami naona hasara hiyo ni kubwa kuliko ya masultani tuliowasahau.

Siku hizi nazi hukunwa kwa mashine sokoni, na tui liko kwenye maboksi madukani. Mashine naishukuru, imepunguzia watu maumivu ya mgongo. Boksi silipendi, kwa sababu lina uzito mmoja. Mpishi aliyezoea boksi hajui wakati wa tui jepesi na wakati wa tui zito. Analizimua kwa maji, akapata rangi bila ladha ya mkamuo wa pili.

Hata hivyo, ndugu yangu mmoja anayeishi Muscat, katika familia iliyohamia Oman miaka kadhaa baada ya Mapinduzi ya 1964, hana budi kutumia boksi, na muhogo wake hutoka kwenye friza. Bado hupika, na bado hupeleka. Ramadhani moja alimpelekea jirani Mwomani ambaye hajawahi kufika Zanzibar. Bakuli lilirudi kesho yake na harisi, ngano iliyopondwapondwa na nyama mpaka ikashikana, samli juu. Alipoionja aliijua: kwao Unguja ndiyo boko boko, chakula cha sikukuu. Ila ya jirani ilikuwa laini kuliko yoyote aliyowahi kuipika. Alivaa buibui, akaenda kubisha hodi, na kabla hata hajakaribishwa kuketi alikuwa ameshauliza ngano ilirowekwa kwa muda gani.