Katalogi za Maonyesho na Historia ya Newala

Wako wanaodhani kwamba katalogi ya maonyesho ni ukumbusho tu wa kuchukuliwa na mtazamaji atokapo mlangoni. Kwa mpenzi wa historia aliye Newala rai hiyo haina nguvu, maana vitu vingi vya kale vya uwanda wa Makonde viko mbali naye. Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa havijamalizika, Karl Weule alikaa Newala akilikusanyia jumba la makumbusho la Leipzig vinyago na vyombo. Mwenyeji asiyeweza kufika huko hana budi kuvitafuta vitu vya namna hiyo katika kurasa.

Basi thamani ya katalogi isipimwe kwa uzuri wa picha, bali kwa maneno machache yaliyo chini yake: kitu kilitoka wapi, nani alikichukua, mwaka gani, kwa njia gani, na wenyewe walikiitaje. Neno “Makonde” peke yake halitoshi. Kwa kawaida vinyago vya ngoma vya upande wa Newala huvaliwa usoni, hali vile vya Mueda, Msumbiji, hufunika kichwa kizima. Aandikaye jina la kabila tu ameufuta Mto Ruvuma.

Katalogi mbili zastahili kutajwa. Ile ya Berlin ya 1994, iliyohaririwa na Jens Jahn, ilitiwa pia jina la Kiswahili, Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika. Ile ya New York ya 2013, iliyohaririwa na Gary van Wyk, iliitwa Shangaa. Zote mbili zimekusanya pamoja kazi zilizotawanyika duniani, na msomaji aweza kuzilinganisha mezani pake. Hiyo ni faida kubwa. Lakini jina la Shangaa ni la Kiswahili na maelezo yake ni ya Kiingereza. Tena kushangaa ni desturi ya mgeni, mwenyeji huuliza.

Hapa ndipo ilipo kazi ya wataalamu wa lugha. Mtete, kichombo cha dawa au ugoro chenye kizibo cha kuchongwa, ukiandikwa “kichombo” tu, historia yake imepungua. Yafaa picha hizo zipelekwe Newala, zisomwe pamoja na wazee, na majina yaandikwe wangali hai wanaoyajua. Katalogi isiyo na majina hayo yafaa ihesabiwe kuwa haijamalizika.