Jicho na Mkono: Jinsi Königsberg Ilivyopigwa na Wasioiona

Mtu asimamaye Kibosho asubuhi ambayo anga ni safi, akageuza uso kuelekea kusini na mashariki, auona mji wa Moshi chini yake, na ng'ambo yake tambarare iliyotandaa hadi nchi ya Kahe, mahali reli ya Tanga inapokutana na maji yanayouzaa mto Pangani. Katika nchi hiyo, ambayo kwa njia ya reli i mbali na bahari kwa zaidi ya kilomita 300, mwezi wa Machi 1916 ulinguruma mzinga uliokuwa umefuliwa Ujerumani kwa ajili ya kupigania baharini. Majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalikuwa yamekwisha kuingia Moshi, Wajerumani wakarudi nyuma hadi Kahe, na huko wakautumia mzinga wa sentimita 10.5 wa manowari yao iitwayo Königsberg. Kisha walipolazimika kuondoka, wakauharibu wenyewe ili usiwafae adui zao.

Silaha ya bahari ilifika chini ya Kilimanjaro kwa sababu manowari iliyoichukua ilikuwa imekwisha kufa, na namna ilivyokufa ndiyo habari ninayokusudia kuichambua hapa. Siku hizi husemwa mengi juu ya makombora ya kupigia merikebu, yarukayo juu ya mawimbi na kuangamiza chombo ambacho aliyeyatuma hakukiona hata mara moja kwa macho yake, na watu huyahesabu kuwa ni ajabu ya zama zetu. Kwa rai yangu, ajabu hiyo ilikamilika katika matope ya Rufiji mwezi wa Julai 1915, pamoja na mashaka yake yote na tadbiri zake zote, na kilichokosekana ni kombora lenyewe tu.

Königsberg ilifika Dar es Salaam mwezi wa Juni 1914 chini ya Nahodha Max Looff, ikiwa na mizinga kumi ya namna ile ile iliyosikika baadaye Kahe. Siku ya mwisho ya Julai ikatoka bandarini na kuzipotea manowari za Waingereza zilizokuwa zikiivizia, na siku chache baadaye, katika bahari ya upande wa Uarabuni, ikaikamata merikebu City of Winchester iliyobeba chai. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba ikaikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga bandarini Unguja, mitambo yake imefunguliwa kwa matengenezo. Ikaipiga kutoka masafa ambayo risasi za Pegasus hazikuweza kuyafikia, ikaizamisha. Makaburi ya mabaharia wa Pegasus yangalipo katika kisiwa kidogo mbele ya mji wa Unguja. Shambulio hilo lilikuwa la kale katika namna yake, maana Looff aliiona shabaha yake kwa macho na kuitwanga.

Baada ya hapo mitambo ya Königsberg yenyewe ikaharibika, na Looff akarudi kujificha mahali alipokwisha kupatumia, yaani katika mikono ya mto Rufiji. Hapa yafaa kutua, kwa kuwa ustadi wa maficho hayo ndio uliowalazimisha Waingereza kubuni waliyoyabuni. Mto Rufiji hauingii baharini kwa mlango mmoja. Hugawanyika katika mikono mingi, kila mkono ukipinda ndani ya msitu wa mikoko, na kina chake hubadilika kwa maji kujaa na kupwa, hata chombo kikipitacho wakati wa bamvua chaweza kukwama siku chache baadaye. Ramani za Waingereza hazikuonyesha kwamba manowari kubwa yaweza kupanda humo, ilhali Wajerumani walikuwa wameupima mto kabla ya vita. Milingoti ikafunikwa matawi, walinzi wenye mizinga midogo wakawekwa kwenye midomo ya mto, na nyaya za simu zikavutwa kutoka vituo vya pwani hadi merikebuni. Vyuma vilivyovunjika vikapelekwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa na kurudishwa. Vitabu vya vita hiyo humsifu Looff kwa jambo hilo, na sifa yake siipingi. Lakini vyuma hivyo vilikokotwa na watu wa nchi hii katika njia za tope na mchanga, na majina yao sijayaona kuandikwa popote. Kila nisomapo habari hii huona kwamba hesabu yake haijatimia.

Manowari ya Kiingereza Chatham ilikigundua kificho hicho tarehe 30 Oktoba 1914. Tarehe 10 Novemba Waingereza wakaizamisha kwa makusudi merikebu kuukuu ya Newbridge katika mkono mmoja wa mto ili kumfungia adui njia. Hata hivyo kujua alipo mtu ni jambo moja na kumfikia ni jambo lingine. Manowari kubwa hazikuweza kuingia mtoni kwa uchache wa maji, na zikikaa nje mizinga yao haikufika. Tena Königsberg ilisogezwa kutoka mahali hadi mahali, hata habari ya leo ikawa uongo kesho. Rubani mmoja wa kiraia, Cutler, aliletwa kutoka Afrika ya Kusini pamoja na ndege yake iwezayo kuelea majini. Akairusha juu ya mikoko, akaiona manowari, mwishowe ndege ikamharibikia na akatekwa. Kwa muda wa miezi minane merikebu moja mbovu ilizifunga manowari nyingi nzima zilizohitajika kwingineko.

Ndipo ikaletwa dawa yenye sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa vyombo viwili vya bapa, Severn na Mersey, vilivyoundwa Uingereza kwa ajili ya mito ya Brazili na kununuliwa na serikali ya Kiingereza vita vilipoanza. Vilihitaji maji ya kina cha mita mbili hivi, na kila kimoja kilichukua mizinga miwili ya inchi 6. Vilikokotwa kutoka Malta kupitia Bahari ya Shamu hadi pwani yetu. Sehemu ya pili ilikuwa kisiwa cha Mafia, kilichotwaliwa mapema 1915, ambako palisafishwa uwanja wa ndege.

Tarehe 6 Julai 1915 alfajiri, Severn na Mersey ziliingia kwa mlango wa Kikunja, zikatia nanga kiasi cha kilomita 10 kutoka Königsberg, na pambano likaanza baina ya vyombo visivyoonana, msitu umesimama katikati. Ilikuwa kama watu wawili warushianao mawe juu ya ukuta mrefu, kila mmoja akimtegemea mwenziwe aliye juu ya mti kumwambia jiwe limeangukia wapi. Wajerumani walikuwa na watazamaji waliojificha karibu na vyombo vya Waingereza, nao wakipeleka habari merikebuni. Hivyo risasi zao zilianguka kwa usahihi wa kutisha, na Mersey ikapigwa, mzinga wake wa mbele ukanyamazishwa na mabaharia wakauawa. Severn ilipomgundua mtazamaji mmoja juu ya mti na kumwelekezea mizinga yake, risasi za Wajerumani zikaanza kupotea, ijapokuwa manowari yao ilikuwa bado nzima na wapiga mizinga wake ni wale wale.

Kwa upande wa Waingereza jicho lilikuwa ndege, na ulimi wake ulikuwa simu ya upepo, ambayo kwayo mtazamaji alituma herufi chache za kusema kama risasi imepita, imepungua, imekwenda kushoto au kulia. Lakini siku hiyo Severn na Mersey zilipiga pamoja, na aliye juu akiona tope limeruka mtoni hakuweza kujua ni la risasi ya nani. Basi masahihisho yakamfikia asiyehusika, naye akauhamisha mzinga uliokuwa umeelekea sawa. Risasi mamia zikatumika siku nzima. Chache ziliipata Königsberg, na jioni Waingereza wakaondoka nayo ingali hai.

Tarehe 11 Julai wakarudi na mizinga ile ile na ndege zile zile. Tofauti kubwa ilikuwa katika utaratibu: chombo kimoja kipige, kingine kinyamaze, ili kila tope linaloruka liwe na mwenyewe. Severn ikatia nanga, na angani wakawa Cull, rubani, na Arnold, mtazamaji, katika ndege aina ya Henri Farman. Herufi zikaanza kushuka, Severn ikasogeza shabaha yake kidogo kidogo, na katika mkupuo wa nane ikapiga. Muda si mrefu ndege nayo ikajeruhiwa, mashine ikafa, Cull akaanza kuishusha kuelekea mtoni; na Arnold, akijua kwamba wanaanguka, akaendelea kutuma masahihisho, akiwaambia wapigaji kwamba risasi zaangukia upande wa omo na wazisogeze kati. Ndege ikapinduka majini karibu na Mersey, wote wawili wakaokolewa. Masahihisho yale yalikwisha kufika. Risasi zikaanguka katikati ya manowari, moto ukazuka, na Looff, naye amejeruhiwa, akaamuru Königsberg izamishwe kwa baruti ya torpido. Mizinga yake ikaopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam kuundiwa magurudumu, na kutoka huko ikasambaa katika vita vya nchi kavu.

Tukiyatenga mambo ya siku hiyo, twaona kazi tano: kuitafuta shabaha, kuithibitisha mahali ilipo, kuipelekea silaha, kuisahihisha silaha baada ya kuona lilipoangukia pigo, na kujua kama imepata. Mkono wa Severn wa tarehe 6 ulikuwa na nguvu sawa na mkono wa tarehe 11. Kilichobadilika ni kufungamana kwa jicho na mkono.

Kombora la siku hizi limebeba ndani ya mwili wake sehemu ya kazi alizozifanya Arnold. Humo mna chombo cha kupima mwendo na mgeuko wake lenyewe, kinachoiongoza safari hadi mahali palipokadiriwa. Mna kipimo cha kimo kinachoiwezesha silaha kuruka mita chache tu juu ya maji. Na katika pua yake mna rada ndogo, ambayo aghalabu huwashwa mwishoni mwa safari ili itafute merikebu na kuiandama. Kuruka chini kuna hesabu yake. Dunia ni mviringo, na rada haioni ng'ambo ya mviringo huo: antena iliyo mita 20 juu ya maji italiona kombora lililo mita 3 juu ya maji katika masafa ya kilomita 25 hivi, na si zaidi. Likienda mita 300 kwa sekunde, mabaharia wana muda usiotimia dakika moja na nusu wa kuona, kuamini, kuamuru na kupiga. Msitu wa mikoko uliowatenganisha maadui wa Rufiji umebadilika kuwa mgongo wa bahari yenyewe.

Lakini kombora halijui mahali pa kutumwa, na hapo ndipo kazi ya kwanza na ya pili hubaki kwa mwenye jicho. Tarehe 4 Mei 1982, katika vita vya visiwa vya Falkland, ndege kuukuu ya doria ya Argentina aina ya Neptune ilizigundua manowari za Waingereza na kupeleka habari. Ndege mbili za Super Étendard zikaja chini chini juu ya maji, zikapanda kwa muda mfupi kuhakikisha shabaha kwa rada, zikatupa makombora mawili ya Exocet na kugeuka. Moja likaipiga Sheffield. Watu 20 wakafa, na merikebu ikazama siku sita baadaye ikikokotwa. Argentina ilikuwa na makombora matano tu ya aina hiyo ya kurushwa na ndege. Bila ya jicho la kuyaonyesha shabaha yangekuwa vyuma vya thamani ghalani.

Habari hii yatuhusu sisi wa mlimani. Njia fupi ya mizigo ya Afrika ya Mashariki kwenda Ulaya hupita Bab el-Mandeb, na tangu mwisho wa 2023 Wahouthi wa Yemen walizipiga merikebu za biashara katika maji hayo kwa makombora na ndege zisizo na rubani. Rubymar, iliyobeba mbolea, ilipigwa Februari 2024 na kuzama mwezi uliofuata. Mabaharia watatu wa True Confidence waliuawa tarehe 6 Machi mwaka huo. Merikebu ya biashara haina msitu wa kuingia. Tena sheria huitaka ijitangaze kwa mtambo unaotoa jina lake, mahali ilipo na iendako, ili merikebu zisigongane, na tangazo hilo aweza kulisoma yeyote mwenye kipokezi. Manahodha wengine waliuzima mtambo huo katika mlango mwembamba wenye vyombo vingi, wakichagua hatari ya kugongana badala ya hatari ya kuonekana, na wala siwalaumu. Makampuni mengi yalizungusha merikebu zao kwa Rasi ya Tumaini Jema. Safari zikarefuka, nauli na bima zikapanda. Kahawa inayochumwa Kibosho na kukobolewa Moshi huuzwa kwa bei ambayo mkulima haipangi, na mnunuzi akilipa zaidi kwa merikebu, hutafuta mahali pa kupunguza, na pa kwanza kupunguzwa ni malipo ya mkulima.