Hongera walimu wa saikolojia tiba

Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang liliporomoka hadi mji wa Katesh na kuua zaidi ya watu 80. Nyumba hujengwa upya. Lakini mtu anayeshtuka kila mvua inaponyesha anahitaji mtaalamu. Ndiyo maana nawapongeza kwa dhati walimu wa Chuo Kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, kwa shahada yao ya uzamili ya saikolojia tiba. Mwanafunzi huona wagonjwa chini ya msimamizi, kisha huandika tasnifu: hujaribu dodoso kwa watu wachache, huomba ridhaa ya kila mhojiwa, ndipo huanza kukusanya takwimu. Inachosha, lakini bila hivyo tunabahatisha. Wala kazi hiyo si ya mijini tu: Hospitali ya Haydom, Mbulu, imethibitisha kwa tafiti zake za kifafa kwamba utafiti mzito unawezekana vijijini. Serikali iwaajiri wahitimu wa shahada hiyo Hanang na Mbulu.