Upole wa Muziki na Mwitikio wa Wasikilizaji: Lokua Kanza Masikioni mwa Birere

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa nyimbo umezoea kuanza na mtunzi, ukaendelea na matini, kisha ukamwacha msikilizaji mlangoni. Hans Robert Jauss, katika mhadhara alioutoa Konstanz mwaka 1967, alisisitiza kwamba kazi ya sanaa hupokewa ndani ya upeo wa matarajio. Hadhira huja ikiwa na kumbukumbu ya kazi zilizotangulia, na kwa kumbukumbu hiyo huipima kazi mpya. Makala haya yanautumia mtazamo huo kuchunguza jinsi muziki mpole unavyopokewa na wasikilizaji waliozoea muziki wa kishindo. Kazi inayozingatiwa ni albamu ya kwanza ya Lokua Kanza, iliyotoka mwaka 1993. Masikio yanayozingatiwa ni yale ya Birere, mtaa wa biashara wa Goma ulio jirani na mpaka wa Rwanda. Hoja kuu ni kwamba ubishi juu ya upole wa muziki huu, ukichunguzwa kwa makini, ni ubishi juu ya lugha pia.

2.0 Kipimo cha Kazi Iliyotangulia

Tatizo hili halikuzaliwa Afrika wala haliishii Afrika. Mwaka 2008 Goldfrapp, wanamuziki wawili wa Uingereza waliosifika kwa muziki wa kielektroniki wa kuchezeka, walitoa Seventh Tree, albamu iliyojaa magitaa yasiyo ya umeme na mwangwi wa nyimbo za jadi za Kiingereza. Waliowajua wawili hao kwa Supernature ya mwaka 2005 waliona kwamba wameiacha njia yao. Waliowajua kwa Felt Mountain ya mwaka 2000, ambayo nayo ilikuwa ya utulivu, waliona kwamba wamerudi nyumbani. Albamu ilikuwa ile ile. Kilichotofautiana ni mahali ambapo kila msikilizaji alianzia kuhesabu. Swali hilo hilo halina budi kuulizwa kuhusu Birere: je, msikilizaji wa huko anaanzia wapi kuhesabu?

3.0 Lalamiko la Kwanza: “Hauchezeki”

Lokua Kanza alizaliwa Bukavu mwaka 1958, akakulia Kinshasa, na akahamia Paris mwaka 1984. Katika mji huo huo muziki wa Kongo ulikuwa ukiongezewa mwendo. Kanda Bongo Man alikuwa ameondoa sehemu ya polepole iliyozoeleka mwanzoni mwa wimbo, ili gitaa liingie kwenye sebene bila kuchelewa. Katika rekodi nyingi za soukous za kipindi hicho mashine za kielektroniki zilishika nafasi ya mpiga ngoma. Albamu ya mwaka 1993 ilifanya kinyume chake: ilibakiza upole na kuiacha sebene. Gitaa linapigwa kwa vidole, na sauti ya mwimbaji inapangwa tabaka juu ya tabaka.

Anayesema kwamba muziki huu hauchezeki anasema kweli, na mhakiki asimdharau. Katika barabara ya soko, ambamo kila duka linashindana na jirani yake kwa vipaza sauti, wimbo wa namna hii humezwa na honi za pikipiki kabla haujamfikia mpita njia. Lakini hapo msikilizaji anatoa hukumu juu ya kazi ya wimbo mahali fulani, si juu ya thamani yake. Wimbo uliomezwa na soko saa sita mchana unaweza kumkuta mtu yule yule nyumbani usiku, milango ikiwa imefungwa, naye akausikia vingine.

4.0 Lalamiko la Pili: “Ni Muziki wa Wazungu”

Lalamiko hili ni zito zaidi, nalo lina chembe ya ukweli. Albamu ilitengenezwa Ufaransa, katika miaka ambapo soko la Ulaya lilikuwa likitafuta Afrika ya utulivu ya kusikilizwa kwenye viti vya ukumbi. Hata hivyo, kudai kwamba upole wenyewe ni mali ya wageni ni kusahau historia. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, akiwa na gitaa lake peke yake. Kipande chake Masanga kilisikika mbali sana na Katanga. Mwenda aliimba kwa Kiswahili cha Kongo, bila kipaza sauti cha umeme na bila kikosi cha wapiga ngoma. Basi anayeanzia kuhesabu kwenye sebene humwona Lokua Kanza kama mgeni. Anayeanzia kwa Mwenda humwona kama mjukuu aliyekawia safarini.

Lipo, hata hivyo, pungufu ambalo ukoo huo hauwezi kulifuta. Msikilizaji aliyelelewa na masimulizi ya Franco, kama yale ya Mario ya mwaka 1985, hutarajia kisa, wahusika na majibizano. Katika albamu hii maneno ni machache na hurudiwa, na mara kwa mara uzuri wa sauti hutangulia mbele ya usemi. Hapo anayelalamika kwamba hakuambiwa kitu ana haki ya kusikilizwa.

5.0 Neno Linaposikika

Pamoja na uchache huo, upole una tunu yake: neno linabaki wazi. Katika kishindo cha sebene matamshi hupotea. Penye gitaa moja kila silabi hutoka peke yake. Mojawapo ya nyimbo za Lokua Kanza zinazojulikana sana huitwa Mutoto. Jina hilo ni la Kiswahili cha mashariki ya Kongo, nalo mwanafunzi wa Goma hulikuta limepigiwa mstari mwekundu katika daftari lake, kwani sanifu yataka “mtoto”. Kwa hesabu ya mizani maneno hayo mawili ni sawa, kila moja likiwa na mizani tatu. Tofauti ni kwamba katika “mtoto” silabi ya kwanza inabebwa na nazali, midomo ikiwa imefumbwa. Katika “mutoto” ina irabu, na mwimbaji anaweza kuivuta apendavyo. Umbo lililohesabiwa kuwa kosa darasani linampa mwimbaji nafasi ambayo umbo sanifu halimpi.

Msikilizaji wa Birere hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Analitambua neno kuwa lake, na limefika Paris bila kusahihishwa.

6.0 Hitimisho

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini haisemi ni Kiswahili cha nani. Idara za Kiswahili zimekuwa zikijibu swali hilo kwa kalamu nyekundu. Sanifu ina kazi yake na haina budi kufundishwa. Hata hivyo, kufundisha umbo moja si lazima kuambatane na kulitia aibu jingine. Uhakiki utakaoyachukua malalamiko ya wasikilizaji kama ushahidi, badala ya kuyaona kama ukosefu wa ladha, utagundua kwamba mtu anaweza kuukataa wimbo kwa miguu na kuukubali kwa masikio. Katika mwitikio huo wa pili ndimo Kiswahili cha Kivu kinamosikika kikiimbwa kwa matamshi yake chenyewe.